Alama Mbili za Udadisi

Mwalimu mkuu wetu tunamwita Asilimia, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimwambia mvua inanyesha, atataka kujua inanyesha kwa asilimia ngapi. Mwaka huu alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na begi jipya, kalamu nne na wazimu. Alituita wote kwenye chumba cha walimu, chumba chenye meza moja ndefu na viti kumi na kimoja kwa watu kumi na wanne, akachora duara ubaoni na kulikata vipande viwili. Kwenye kipande kikubwa akaandika AKILI, sitini. Kwenye kidogo akaandika TABIA, arobaini.

"Mtoto hafaulu kwa akili tupu," akasema huku akinyoosha tai yake. "Wala hafaulu kwa bidii tupu. Ni viwili kwa pamoja. Wataalamu wamepima."

Loo! Yaani watu wazima wamekaa chini miaka na miaka, wamepima, wamepimua, ili waje kutuambia jambo ambalo kila mama anayemwamsha mwanawe asubuhi analijua. Mimi nimefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Nimeona vichwa vyepesi vikiishia kuchora magari nyuma ya daftari, na nimeona vichwa vizito vikipanda polepole mpaka vikavipita hivyo vyepesi. Sikuhitaji duara la mtu. Lakini nilinyamaza, maana Asilimia akikatizwa huanza upya tangu mwanzo.

Maana ya duara lile ilikuwa hivi. Shule yetu ina kitu kinaitwa Darasa la Juu. Wanafunzi wakimaliza la sita huchaguliwa arobaini, wakapewa walimu wazoefu, madawati ya mtu mmoja mmoja na vitabu visivyokosa kurasa, na karibu wote huenda sekondari. Wanaobaki, watoto mia na ishirini, husukumwa kwenye vyumba viwili vya nyuma, na wanaotokea huko wakafika sekondari hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Miaka yote tulichagua kwa mtihani tu. Sasa tungechagua kwa duara.

Upande wa akili ulikuwa karatasi ya maswali sitini kwa dakika arobaini: maumbo ya kugeuzageuza, namba za kukamilisha, mafumbo ya nani mrefu kuliko nani. Upande wa tabia ulikuwa fomu ambayo mwalimu wa darasa humjazia kila mtoto wake: bidii, utaratibu, ushirikiano, udadisi. Kila kimoja alama kumi. Uandike kwa tarakimu, urudie kwa maneno, utie sahihi, kana kwamba unauza nyumba.

Basi ungewaona wenzangu wakipima tabia za watoto wa watu! Mwalimu wa lugha aliwapa wote saba. Darasa zima, saba, saba, saba, akamaliza kabla chai yake haijapoa. Mwalimu wa michezo aliwapa bidii kumi wanaocheza mpira na utaratibu tatu wasiokuja mazoezini. Mwalimu wa sayansi, ambaye ndiye mwalimu wa darasa la Sita A, alifungua matokeo ya muhula uliopita. Aliyeongoza akampa tabia ya kuongoza, aliyeshika mkia akampa tabia ya mkia.

Nikamwuliza, "Sasa hapo umepima nini ambacho mtihani haujapima?"

Akanijibu bila hata kuinua uso, "Dada, wewe unapenda kujitafutia kazi."

Kweli napenda. Mimi ni mwalimu wa darasa la Sita B, na fomu zangu nilizijaza kwa siku nne. Kila mtoto nilimweka mbele ya macho yangu, nikamkumbuka anavyokaa, anavyofuta, anavyokopesha rula au kuinyima. Wanafunzi wananiita Pilipili, najua, wala halijawahi kuniudhi. Niliona ni sifa ya mwalimu asiyechezewa. Nilipotia sahihi fomu ya mwisho nilijiona mtu pekee mwenye macho katika nyumba ya vipofu.

Ngoja nikueleze watoto wawili, maana kisa chenyewe ni chao.

Wa kwanza ni mtoto wa mdogo wangu, yuko Sita A. Wenzake wanamwita Kompyuta. Ukimpa hesabu ndefu anatazama dari kidogo, anakutajia jibu, na jibu ni sahihi. Ukimwambia aandike njia anakutazama kama vile umemwambia afagie uwanja kwa mswaki. Daftari lake la kazi za nyumbani lingeweza kurudishwa dukani likauzwa upya. Mvivu wa kutupwa! Nampenda, ni damu yangu, lakini nasema kweli. Mtoto anaweza kusahau begi shuleni, akaenda nyumbani, akala, akalala, asubuhi akashangaa mbona mabega ni mepesi.

Wa pili ni msichana wa darasani kwangu. Wanamwita Kobe. Yeye tarehe anaipigia mstari kwa rula. Hesabu moja anaifanya mara mbili, ya kwanza kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni, ya pili daftarini, halafu anazilinganisha. Akimaliza swali la tano wenzake wako la kumi, lakini matano yake ni matano. Hakuwahi kuchelewa, hakuwahi kusahau kitu. Na mwaka mzima hakuwahi kunyoosha mkono. Nikiuliza darasani nani ana swali, anainama na kutazama kidole chake.

Asilimia alibandika matokeo kwenye mlango wa ofisi yake siku ya Jumatano, na safu zote zikionekana, alama kwa alama. Nafasi thelathini na tisa zilikuwa zimepata wenyewe waziwazi. Ya arobaini waliigombania wawili hao. Kompyuta alipata hamsini na sita kwenye akili. Kobe alipata arobaini na tisa: alijibu maswali arobaini na tisa na yote akapata, muda ukamwishia na kumi na moja hajayagusa. Tabia, Kobe nilimpa bidii kumi, utaratibu kumi, ushirikiano nane, udadisi mbili. Jumla yake sabini na tisa. Kompyuta kwa mwalimu wa sayansi alipata ishirini na tano za tabia, jumla themanini na moja. Kompyuta ndani, Kobe nje.

Mwalimu wa sayansi alinikonyeza pale mlangoni. "Bidii nimempa sita," akaninong'oneza. "Nimekutunzia mwanao."

Bidii sita! Yule mtoto hata kupiga miayo anaona kazi. Kilikuwa kilemba cha ukoka kwangu, na nilikijua. Nikamtazama kwa dharau zote nilizo nazo, nikaingia darasani, na sikusema neno kwa mtu. Nilijiambia ya Sita A ni ya Sita A. Na ile mbili ya udadisi niliiona haki tupu. Mtoto ambaye hajauliza swali hata moja mwaka mzima, ungempa ngapi? Hiyo alama ya pili nilimwongeza kwa huruma.

Kesho yake asubuhi, saa ya mapumziko, mama yake Kobe alikuja. Ni dobi, ana chumba chake cha kufulia nyuma ya stendi. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, mikono ina alama za pasi mpaka kwenye viwiko, nguo zinanukia wanga. Nikajiandaa. Wazazi wa namna hii nawajua: wanakuja kulia, wanakuja kufoka, au wanakuja na vyote viwili kwa mpigo. Nikakunja mikono kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Ananizidi umri, nikaona aibu, lakini ndivyo alivyonisalimia. Nikaitikia nusu nusu na kumwonyesha kiti.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimesomewa pale mlangoni kwamba mwanangu amepungukiwa na udadisi. Mimi sikusoma sana. Nilitaka kujua hicho ni kitu gani, kama ni cha kununua nikitafute, kama ni cha kufundishwa nyumbani nianze leo."

Nikamweleza, kwa ile sauti yangu ya kuwaelezea wazazi. Nikasema udadisi ni hamu ya kujua. Ni mtoto kuuliza hiki kwa nini, kile kwa nini, asiridhike na kuambiwa tu.

Mama yule alinitazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Huyu? Mwalimu, labda umechanganya watoto. Huyu atanitia kichaa! Nikipiga pasi yuko ubavuni: mama, mbona mvuke unaondoa makunyanzi na maji baridi hayaondoi? Mama, mbona shati jeusi limekauka kabla ya jeupe na tumeanika pamoja? Juzi ananiuliza wanga unajuaje kukaza kola bila kuikata. Wanga unajuaje! Nikamwambia, mwanangu, mimi nina mashati sitini ya watu, hayo mengine kamwulize mwalimu wako."

"Sasa mbona haniulizi?" nikasema.

Kicheko kikamwisha. Akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga.

"Usinielewe vibaya, Mwalimu."

"Sema tu, mama."

"Aliniambia, mwalimu wa hesabu haulizwi. Anasema alipokuwa la nne alikuuliza kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa badala ya kuwa dogo. Ukamwambia, na wewe tukikigawanya kichwa chako kwa nusu, labda ubongo utaongezeka. Darasa likacheka. Na wewe ukacheka. Alirudi nyumbani akaniuliza kama kichwa chake ni kidogo. Nikamwambia ni utani. Ni utani, si ndiyo?"

Nilitamani kumwambia sikumbuki. Ningekuwa na nafuu kama nisingekumbuka. Lakini nilikumbuka vizuri sana, maana maneno yale niliyapenda. Niliyapeleka chumba cha walimu siku ileile na kuyarudia wakati wa chai, mwalimu wa michezo akavunjika mbavu, nami nikaongezwa andazi. Swali lenyewe ndilo nililolisahau. Swali zuri kama lile, ambalo watu wazima hawaulizi! Ningeweza kuchukua mkate, nikaukata nusu nusu, nikamwambia hesabu vipande, na lingeisha kwa dakika moja. Mimi nikachagua kuchekesha.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ulikuwa utani."

Akashukuru! Akanishukuru kwa kumweleza maana ya udadisi, akaondoka kwenda kwenye mashati yake. Nikabaki pale na fomu zangu za siku nne. Wenzangu waliandika upuuzi kwa uvivu. Mimi nilimziba mtoto mdomo kwa mkono wangu, nikangoja miaka miwili, kisha nikamwandikia kwa kalamu nyekundu kwamba hasemi.

Orodha ilikuwa inapelekwa wilayani Ijumaa saa sita mchana. Nikaenda kwa Asilimia. Nilikuwa nimeshatunga la kusema njiani.

"Nataka kurekebisha alama moja. Nilipitiwa na kalamu."

Akavaa miwani, akaitoa fomu. "Hapa umeandika mbili kwa tarakimu. Hapa umeandika mbili kwa maneno. Kalamu imekupitia mara mbili, asilimia mia?"

Kumbe ule upuuzi wa kuandika kwa maneno ulikuwa na kazi yake. Akanieleza utaratibu: alama ikibadilishwa, mwalimu aandike sababu, atie sahihi, na sababu isomwe mbele ya walimu wote, ili mtu asije akasema tumeuza nafasi. Akaniuliza pia, polepole, kama ninajua nafasi hiyo ikihama inamtoka nani. Nikamwambia najua.

Nilikaa na karatasi ile saa nzima. Nilijaribu kuandika "tathmini haikuzingatia mazingira ya mwanafunzi." Nikaisoma, nikajitemea mate moyoni, maneno ya semina hayo. Nikaipasua. Mwisho niliandika kwamba mwanafunzi huyu aliniuliza swali zuri akiwa la nne, nikamkejeli mbele ya wenzake, hajaniuliza tena tangu siku hiyo, na kwamba alama mbili nilizompa zinanipima mimi. Udadisi wake nikauandika nane. Kwa tarakimu na kwa maneno.

Ijumaa saa nne Asilimia akaisoma. Ana sauti ya kutangaza vifo, na aliisoma neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama, maana viti viliisha. Nilimtazama mwalimu wa lugha wa saba, saba, saba. Alikuwa anatabasamu na kikombe chake. Mwalimu wa michezo akasema, "Aa, ile ya kichwa nusu! Ile ilikuwa kali." Mwalimu wa sayansi akacheka kwa pua. "Leo pilipili imemwingia mwenyewe machoni." Watu kumi na watatu niliowadharau kwa miaka kumi na tisa, na siku hiyo kila mmoja alinipita kimo. Nilikuwa na majibu ya kumchana kila mmoja wao vipande. Sikuyatoa, nikakwenda darasani.

Mdogo wangu alikuja jioni ile, hakubisha hodi.

"Dada! Kweli wewe ni wa kumtoa mwanao ukamwingiza mtoto wa dobi?"

"Sikumtoa. Alama zake ziko palepale, themanini na moja. Mwenzake amepata themanini na tano."

"Kwa kalamu yako!"

"Kwa kalamu yangu. Hata ile mbili ilikuwa ya kalamu yangu."

Akaniambia nisikanyage kwake, na mpaka leo anapokea simu yangu kwa kukohoa. Kompyuta mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, anakula ndizi. Mama yake alipotangulia nje akanigeukia na kuniambia, "Mama Mkubwa, afadhali. Kule kazi za nyumbani wanapewa kila siku." Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia. Kichwa kama kile, na hakuna anayekihitaji, hata mwenye kichwa chenyewe! Nimemwambia atakuja kwangu kila Jumamosi kuandika njia, si jibu. Amekuja mara moja.

Kobe akaingia Darasa la Juu. Akapewa dawati la peke yake, la pili kutoka mbele, na hesabu kule nafundisha mimi. Nikajiona nimemaliza. Nimekosa, nimekiri, nimechekwa, nimelipa. Sasa mtoto atafunguka. Kila siku nilisema kwa sauti niliyoilainisha mpaka mwenyewe nikajishangaa, "Haya, nani ana swali? Swali lolote." Watoto arobaini wenye akili kuliko wote wakanitazama kimya. Kobe akatazama kidole chake.

Wiki ya tatu nikaona nitumie ujanja. Nikaandika ubaoni hesabu ndefu ya tangi la maji, mistari sita, na mstari wa tatu nikaukosea kwa makusudi. Nikaandika saba mara nane ni hamsini na nne. Kosa la wazi kama hilo hata mtoto wa la tatu analiona, sembuse hawa. Nikaweka chaki chini na kusubiri mikono.

Hakuna mkono ulioinuka. Nikaona macho mawili matatu yakitazamana, mmoja akamkanyaga mwenzake mguu, kisha vichwa vyote vikainama na kalamu zikaanza kukwaruza. Nikapita kati ya madawati nikichungulia. Hamsini na nne. Hamsini na nne. Wa dawati la mwisho alikuwa ameandika hamsini na sita akaikata. Walikuwa wameliona wote. Shule nzima imenijua, si yule mmoja tu.

Nikafika kwa Kobe. Kwenye daftari lake mstari wa tatu ulisomeka hamsini na sita, kwa penseli, mwandiko ulionyooka, na chini yake mistari yote ameifanya upya kufuata hiyo, mpaka jibu. Lilikuwa jibu sahihi kabisa. Moyo ukanipiga kwa furaha. Nikainama karibu naye.

"Mwanangu, mbona lako halifanani na la ubaoni?" nikamwuliza, kwa upole wote nilionao.

Akaniangalia mdomoni, aone kama naanza kucheka. Kisha akasema, "Samahani, Mwalimu," akachukua kifutio na kuanza kufuta. Nikamshika mkono nikimwambia acha, acha, uko sawa, lakini alikuwa ameshaandika nne.